Moto wa Chumba cha Watoto

Nilifika Kasongo kwa njia ndefu kuliko ilivyohitajika, kama nilivyofika karibu kila mahali maishani mwangu. Kutoka Uvira nilipanda lori la chumvi hadi Baraka, kutoka Baraka nikapanda jingine ambalo injini yake ilikufa kabla ya Lulimba, na kutoka hapo nikatembea na wachuuzi waliokuwa wakiwapelekea sabuni na betri wachimba dhahabu wa Salamabila. Nilidhani Salamabila ndiko niendako. Nilikaa huko muda wa kutosha kuona jinsi mashimo yale yanavyomeza vijana, nikamwachia mwenzangu koleo langu, nikajiunga na watu wa baiskeli waliokuwa wakirudi Kabambare kuchukua mchele. Tulisukuma zaidi ya tulivyopanda. Vijijini walitupa bugali ya muhogo na sombe ya majani ya muhogo yenye mawese mengi, tukala tumesimama kwa sababu miguu ilikataa kukunjika. Luama tulivuka kwa mtumbwi, baiskeli zimelazwa juu ya magunia kama wagonjwa. Nilipoingia Kasongo ilikuwa kiangazi, vumbi limepanda hadi kwenye nyusi, na ule ubaridi wa asubuhi ambao mtu wa nje haamini kwamba uko Maniema ulikuwa umenikausha midomo. Nilikuwa kijana, nina diploma ya sekondari ndani ya mfuko wa plastiki, na nilikuwa na wazo kwamba mahali ambapo sijafika ni bora kuliko hapa nilipo. Wazo hilo halijanitoka hata sasa ninapoivuka miaka arobaini, ila sasa najua ni ugonjwa.

Nayaandika haya kwa sababu ya mtu niliyekutana naye mwezi uliopita sokoni Kalemie. Nilikuwa nikichagua dagaa, nikasikia sauti ya mwanamke mzee nyuma yangu: “Fundi Amisi? Fundi Amisi wa Kasongo?” Nikageuka. Alikuwa Mama Feza, mkunga mkuu wa materinite, ile wodi ya uzazi tuliyofanyia kazi, amekuja kumtembelea mwanawe. Nywele zilikuwa nyeupe zote. “Umezeeka, mwana wangu,” akasema. “Na weye, Mama?” “Miye nilizeeka zamani, ile si habari.” Tulicheka, tukashikana mikono, tukaulizana habari za hawa na wale. Kisha akaacha kucheka, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili. “Riziki alikufa,” akasema. “Ulijua?” Sikujua. Alikufa kijijini kwao, Wamaza, kiangazi kilichopita, tumbo lilimsumbua siku chache tu. Mama Feza aliendelea kusema, nami nikaendelea kuchagua dagaa, mmoja mmoja, mpaka muuzaji akaniuliza kama nilikuwa nawanunua au nawahesabu.

Riziki alikuwa mke wangu kwa muda usiotimia mwaka. Nilipofika Kasongo nilikula wali kila siku kwenye kibanda kimoja karibu na hospitali, na hapo ndipo fundi Kisubi aliponipata. Alikuwa mwashi mfupi mwenye tumbo gumu, mwenye maneno mengi kuliko matofali. Aliniona nikisoma gazeti kuukuu lililofungia karanga. “Unajua kusoma mita?” akaniuliza. Nikasema najua. “Basi maliza wali yako tuende. Dokta ananiitia kazi ya moto.” Kazi ya moto ilikuwa hivi. Mwishoni mwa materinite palikuwa na chumba cha watoto waliozaliwa kabla ya mwezi wao. Wakati wa Wabelgiji kilijengwa na madirisha makubwa na paa la bati lililo juu sana, ili hewa ipite, na aliyekijenga aliwafikiria watu wazima wenye homa, si watoto wa ukubwa wa kiatu. Watoto hao wakipoa wanakufa, ndiyo hivyo tu, hakuna maelezo marefu. Kwa hiyo kila mama aliwekewa na jamaa zake mbabula kando ya kitanda, yale majiko madogo ya bati, na jamaa ndio waliotafuta makala, yaani makaa ya kuwasha. Mtoto mwenye watu wengi alipata joto. Mwenye shangazi mmoja tu alipata majivu. Na makala yalikuwa yakiadimika mjini, kwa sababu wachomaji waliyapeleka Salamabila kwa wachimbaji, na msitu ulikuwa umerudi nyuma hivi kwamba mtu wa kuni aliondoka na giza na kurudi jua likizama.

Siku ya kwanza Kisubi alisimama katikati ya chumba kile, mbabula saba zikiwaka, kina mama wakikohoa, akaangalia bati juu. Alilamba kidole akakiinua. “Dokta,” akasema, “hapa munamupashia Mungu moto. Na yeye haiko na baridi.” Kina mama walicheka hadi wakashika mishono yao. Dokta, kijana mwembamba aliyekuwa akilala zaidi hospitalini kuliko nyumbani, naye akacheka, kisha akasema jambo nililolikumbuka baadaye mara nyingi: kwamba hawezi kuongeza makala, basi afanye nini ili makala kidogo yatoshe? Tulianza siku iyo hiyo. Tulishusha dari ya mikeka ya mianzi, tukaipaka udongo juu. Madirisha tuliyaziba kwa matofali, tukaacha tundu la kupitisha mkono kwa ajili ya hewa. Mlangoni tukaweka mlango wa pili, na kati ya milango blanketi. Kisha tukavunja ukuta wa upande wa baraza, tukajenga ndani yake jiko moja kubwa la udongo wa kichuguu, mdomo wake ukiwa nje barazani ili moshi usiingie, mgongo wake ukiwa ndani ya chumba, mnene, umesuguliwa kwa jiwe la mtoni mpaka ukang'aa. Vitanda vilipangwa kuuzunguka mgongo huo. Makala yaliwekwa nje, joto lilitoka ndani, polepole, siku nzima na baada ya siku kwisha. Gunia ambalo zamani halikuifikia Jumapili likaanza kuifikia Jumapili nyingine. Mama Feza alikuwa akija asubuhi, anaegemeza shavu lake kwenye ule udongo na kufumba macho. “Hii ni mutu,” alisema. “Hii si ukuta.” Kina mama waliambiwa warudishe mbabula zao nyumbani, na jamaa zao wakaziuza kwa watu wa Salamabila, kwa kuwa nani tena angezihitaji?

Kabla hatujamaliza jiko, nakumbuka, mtoto mmoja alikufa katika vitanda vya mlangoni. Nilikuwa juu ya ngazi nikipaka dari. Bibi wa mtoto aliinua mbabula ya binti yake kwa vipande vya kitambaa, akaipeleka nje, akaimwagia maji, akaipindua chini juu. Ilichukua muda mfupi kuliko kumenya ndizi. Niliendelea kupaka. Jioni nilimuuliza Riziki, ambaye wakati ule alikuwa bado ni msichana tu wa nyuma ya hospitali aliyekuwa akimletea binamu yake chakula wodini, na ambaye nilikuwa nikitafuta sababu ya kumsemesha. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini watu huvaa nguo. “Ni moto ya mutoto,” akasema. “Mutoto akizaliwa, iko na moto yake. Akikufa wanaizima. Kama hawaizime, anabaki anakaa pale kando, anaota, anangojea mama.” “Na akipona?” “Akipona, nani anauliza habari ya moto? Inakufa yenyewe.” Alisema hayo akipepeta mchele, na makapi yaliruka juu ya mashati yangu mawili niliyokuwa nimevaa kwa baridi. Sikufikiri zaidi. Nilikuwa nikimtazama mikono.

Shangazi yake, Mama Zuena, ndiye aliyemlea hapo Kasongo, katika nyumba ya vyumba vitatu yenye baraza lililofagiliwa hadi likawa kama sahani. Nilialikwa kula. Palikuwa na wali wa Kasongo, ule wenye harufu, na samaki wa Nyangwe aliyepikwa na pilipili nyingi kiasi kwamba nilidhani ni mtihani. Mama Zuena aliniangalia nikitokwa na machozi. “Weye ni mutu wa wapi sasa?” “Wa njia, Mama.” “Wa njia.” Alimgeukia Riziki. “Unasikia? Wa njia. Na akienda, utamutafuta kwenye njia gani?” Riziki alinimiminia maji. “Atachoka kutembea,” akasema. “Kila mutu anachoka.” Alikuwa na namna hiyo ya kusema mambo bila kuinua sauti, kana kwamba jambo limekwisha kuamuliwa na yeye ni wa kupeleka habari tu. Tulioana mvua zilipoanza. Kisubi alikuwa upande wangu kama baba, akalewa, akawaeleza wazee wa Wamaza waliokuja kwa ajili ya ndoa namna ya kujenga jiko lisilopoteza joto, wakamsikiliza kwa adabu hadi wali ukaisha. Mwaka huo nilikaa mahali pamoja. Nilijifunza jina la kila jirani. Nilipanda muhogo ambao sikuula. Usingizini nilisikia mvua juu ya manyasi na pumzi ya Riziki, na kwa mara ya kwanza sikuwa nikihesabu vituo vya mbele. Sasa, katika vyumba vya kupanga nilivyolala tangu wakati huo, Kigoma, Kalemie, Lubumbashi, ninapoamka bila kukumbuka niko mji gani, mwili wangu kwanza hujaribu kuamini kwamba niko kule.

Binti yetu alizaliwa kiangazi kilipoanza, miezi miwili kabla ya wakati. Tulimwita Mwamini. Alikuwa mwekundu, na nyayo zake zilikuwa laini bila mistari, kana kwamba hazikuandikiwa kutembea. Walimpeleka katika chumba chetu, chumba nilichokipaka dari kwa mikono yangu, na nilipoingia na kuusikia ule uvuguvugu usoni nilimshukuru Mungu kwa kila tofali. Mle ndani palikuwa na watoto wengine wawili tu, mapacha wa mwanamke kutoka Nyangwe, mmoja mnene kidogo, mwingine dhaifu sana. Pamoja na mwanamke huyo alikuwako mama yake, bibi mrefu mwenye mgongo ulionyooka, aliyeketi sakafuni siku nzima akikunjua na kukunja vitambaa. Wote tulimwita Koko. Alimpenda Mwamini. “Huyu ni mukali,” alimwambia Riziki. “Tazama namna anakunja ngumi. Huyu atakupiga.” Riziki alikuwa na homa ya uzazi, analala upande mmoja, lakini alicheka. Siku zilipita namna hiyo, na Mwamini akaanza kumeza maziwa kwa kijiko bila kusahau kupumua. Mama Feza alisema, kwa sauti ya mtu asiyetaka kusikiwa na bahati mbaya, kwamba huyu tunaweza kumtumaini.

Asubuhi moja, kulipokuwa kunapambazuka, yule pacha dhaifu alikufa. Nilikuwa barazani nimeketi na Kisubi, tunakunywa chai ya mchaichai kabla ya kwenda kwenye kazi nyingine. Tulisikia mama yake analia. Kisha Koko akatoka na ndoo. Hakuwa analia. Alitupita, akatuitikia salamu, akainama kwenye mdomo wa jiko, akamimina maji yote. Sikuelewa nilichokuwa nakitazama mpaka mvuke ulipomfunika. Jiko lilitoa sauti kama mti unaopasuka, na ufa ukapanda juu ya udongo kutoka mdomoni hadi ukutani. Kisubi aliruka akimwaga chai. “Koko! Koko, unafanya nini?” Bibi aliiweka ndoo chini. “Ni moto ya mutoto,” akasema. “Mwenzake iko ndani. Unataka huyu aliyekufa abaki pale kando amuite?” Alifanya hivyo kumwokoa mjukuu aliyebaki. Mpaka leo sijapata neno la kumlaumu, ingawa nimelitafuta miaka mingi, maana ningekuwa na mtu wa kumchukia ningelala vizuri zaidi. Zamani kila mtoto alikuwa na moto wake, na kifo kimoja kilizima moto mmoja. Sisi tuliukusanya moto wa wote mahali pamoja, ili makala yatoshe, na yalitosha, na hakuna aliyeuliza, si dokta wala Mama Feza wala sisi mafundi, sasa huu ni moto wa nani.

Makala yalikuwa uji mweusi. Udongo ulikuwa umelowa, ukikataa kushika moto mpya, na mbabula zilikuwa Salamabila. Mama Feza hakupoteza muda kugombana. “Vifuani!” akaita. “Watoto vifuani, ngozi kwa ngozi!” Mwanamke wa Nyangwe alimfungia pacha wake kifuani kwa kitenge. Riziki alinyoosha mikono, lakini alikuwa anatetemeka kwa homa, meno yanagongana, na Mama Feza akanigeukia. “Vua shati.” Akamweka Mwamini juu ya mfupa wa kifua changu, uzito wa papai dogo, akamfunga kwa kanga, akanivika koti la dokta juu yake. “Tembea, Fundi. Mutu akitembea anapata joto.” Nilitembea barazani, kwenda na kurudi. Wanaume waliokuwa wakiwangojea wake zao waliniona. “Ee, Fundi, leo weye ndiye mama?” “Maziwa inatoka?” Mwingine akasema, “Mwacheni, hii ni mutindo wa Uvira.” Kisubi, aliyekuwa amepiga magoti akikwangua jiko, aliinua mwiko wake. “Nyie munacheka na vifua vyenu viko bure! Njooni mushike udongo basi!” Wawili wakaja kweli kumsaidia. Walileta udongo mkavu wa kichuguu, wakaziba ufa, wakawasha manyasi kidogo kidogo ili jiko likauke lisipasuke tena. Mimi nilitembea. Nilimsikia Mwamini akipumua, kisha akiacha, kisha akikumbuka. Nilimwambia majina ya mahali. Sikujua wimbo wowote wa watoto, basi nilimwambia njia niliyoijia, Baraka, Fizi, Lulimba, Salamabila, Kabambare, Luama, na kila nilipofika Kasongo nilianza tena.

Baada ya adhuhuri jiko lilikuwa linawaka. Chumba kilirudia joto lake, nikamrudisha kitandani karibu na mgongo wa udongo, nikafikiri tumevuka. Lakini alikuwa ameitumia nguvu yote aliyokuwa nayo. Alikufa alasiri, mkono wa Riziki ukiwa juu yake, bila sauti. Riziki hakulia. Aliuliza tu, “Shangazi iko wapi?” Mama Zuena alikuwa amekwisha kuelewa. Alikuwa mlangoni na birika kubwa la kuchemshia maji ya kuogea, limejaa.

Wakatoka barazani, Mama Zuena mbele, Riziki nyuma akishikilia ukuta. Nilikuwa nimesimama mbele ya mdomo wa jiko. Sikwenda pale kwa makusudi, ni pale nilipokuwa nimesimama nilipotoka nje kutafuta hewa. Nyuma yangu makala yalikuwa mekundu. Ndani alikuwamo mtoto mmoja, pacha wa Nyangwe aliyebaki, ambaye si damu yangu, ambaye hata jina hakuwa amepewa bado. “Pita kando, baba,” akasema Mama Zuena kwa upole. Sikupita. “Mama, kuna mutoto ndani.” “Najua kuna mutoto ndani. Na yako je?” Niliwaomba. Nilisema tutoe makaa kadhaa, tuyaweke kwenye chungu, tuyamwagie hayo. Mama Zuena alitikisa kichwa. “Moto ni moja. Unaweza kumukata mutoto vipande?” Kisubi akaja, akasimama kando na mwiko wake. Koko alikuwa amefika mlangoni, amempakata mjukuu wake aliyebaki ndani ya vitambaa, na alinitazama, na sikuona katika macho yake ombi wala aibu. Alingoja tu. Alijua sheria kuliko mimi.

Riziki akasema, “Amisi.” Sauti ile ile, bila kuinuka. “Ni Mwamini.” Nikasema, “Najua.” “Utamuacha pale? Peke yake?” Ningeweza kusema kwamba siamini jambo hilo, lakini halikuwa kweli, maana tangu alipokata pumzi nilikuwa namwona, mdogo, amekunja ngumi, ameketi pale kwenye ukingo wa udongo. Nilimwona na sikupita. Nilinyoosha mkono, nikalishika birika kwa mdomo wake, na Mama Zuena akaliachia, si kwa sababu ya nguvu zangu bali kwa mshangao. Maji yalimwagika miguuni petu. Riziki aliyatazama yakiingia katika nyufa za saruji, kisha akageuka akarudi ndani kumfunga mtoto wetu sanda. Tulimzika kabla ya magharibi. Wiki hiyo haijaisha, baba mdogo wa Riziki alikuja na baiskeli kutoka Wamaza kumchukua. Nilimfungia Riziki mkeka wake nyuma ya baiskeli. Homa ilikuwa imemwacha. Aliniaga kama mtu anavyomuaga mwenye nyumba.

Pacha wa Nyangwe alipona. Aliondoka juu ya kifua cha bibi yake, amefungwa kitenge cha kijani, na wote wa materinite waliwasindikiza hadi njiani. Siku hiyo hiyo nilikimbia kwa Mama Feza. Nikamwambia, sasa chumba ni kitupu, niache nizime, saa moja tu, kisha nitawasha mwenyewe na kujenga upya ikibidi. Alinishika bega. “Ngoja niangalie,” akasema, na alikuwa bado anasema mlango ulipofunguliwa wakamwingiza mwanamke aliyebebwa kwa machela tangu Kabambare, na mtoto wake ndani ya kikapu cha pamba. Nikangoja. Huyo alipokaribia kupona akaja mwingine. Habari ilikuwa imefika mbali kwamba Kasongo kuna chumba ambacho watoto wadogo hawafi, na walikuja kwa baiskeli, kwa pikipiki, kwa miguu. Jiko letu lilikuwa zuri mno. Lilikula kidogo sana hata hapakuwa na siku ya kuliacha lipumzike. Kila asubuhi nilikwenda nikachungulia, na kila asubuhi palikuwa na mtoto, na mimi, Mungu anisamehe, nilisimama pale mlangoni nikiwa sijui kama nimefurahi.

Mvua za kwanza zilipokaribia nilikwenda Wamaza. Walinipokea vizuri, hilo ndilo lililoniumiza. Baba mdogo wa Riziki alichinja kuku, wakanipa firigisi kama mkwe, nikalala katika nyumba ya wageni yenye ukuta wa fito. Kabla ya usingizi nilimsikia akisema na mke wake upande wa pili. “Ni mutu muzuri.” “Nani anakataa? Ni muzuri.” “Anataka muke yake.” “Basi amuzimie mutoto yake moto. Namna gani Riziki atarudi kulala kwa ile nyumba, na mutoto iko kule anangojea? Atazaa mwingine, na ule wa kwanza atasema nini?” Kisha yule mzee akasema, “Ningekuwa yeye nisingeizima pia.” Na mke wake akajibu, “Ndiyo. Na miye nisingerudi kwako.”

Asubuhi Riziki alinisindikiza hadi mwisho wa mashamba. Alikuwa amekonda, mikono yake inanuka muhogo uliolowekwa. Tulitembea tukizungumza habari za watu, Kisubi amepata kazi gani, Mama Zuena mguu wake unaendeleaje. Nilisukuma baiskeli kati yetu. Pale njia inapogawanyika, moja kwenda Kasongo, nyingine kwenda Salamabila, alisimama. “Ile moto,” akasema, “iko inawaka bado?” Nilikuwa nimekaa macho sehemu kubwa ya usiku nikilitayarisha jibu. Nilijua kwamba nikisema imezimwa ataniamini, kwa kuwa hakuwahi kunisikia nikisema uongo, na kwamba angerudi nyumbani kuchukua mkeka wake. “Inawaka,” nikasema.

Akakubali kwa kichwa. “Kuna mutoto?”

“Kuna mutoto. Wa mutu wa kutoka upande wa Kabambare.”

“Mwanaume?”

“Mwanamuke.”

Alitazama mbali kidogo, juu ya muhogo. Kisha akaweka kiganja chake kifuani pangu, chini kidogo ya koo, pale alipokuwa amelala Mwamini, akakiacha hapo kwa muda. “Basi usizime,” akasema.

Nilidhani ameamua. Niliigeuza baiskeli upande wa Kasongo, nikasogeza mzigo ili apate mahali pa kukaa. Alipoona ninachofanya alitikisa kichwa, taratibu, akaondoa mkono wake. “Hapana, Amisi. Weye enda.” Aliingia katika njia nyembamba ya shambani, na majani ya muhogo yakamfunika hadi mabegani, kisha mzima. Nilingoja mpaka nikasikia ameanza kutwanga. Nikageuza baiskeli tena, nikashika njia ya Salamabila.